Nusu ya Upana, Kimo Chote

Kabla ya kusimulia Jumapili yenyewe, yanipasa kueleza hali tatu zilizokuwapo kabla yake: hali ya mji, hali ya nyumba yangu na hali ya uwanja. Nikianza na uwanja peke yake msomaji atadhani nasimulia mchezo.

Mji wa Lubumbashi ulikuwa katika mwaka wa pili tangu maduka ya katikati yaporwe. Bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia shaba, ambalo tangu utoto wetu lilitujulisha upepo unaelekea wapi, lilitoa moshi siku moja moja tu, na watu walilitazama asubuhi kabla ya kusalimiana. Waliokuwa na kazi walikwenda kazini kwa mazoea. Bustani za maua zilikuwa zimelimwa mahindi mpaka kwenye ngazi za milango. Stesheni ilikuwa imejaa familia zilizoambiwa zirudi kwao, zikingoja treni ya kuzipeleka katika mkoa ambao wengi wa watoto wao hawakuwahi kuuona. Hapakuwa na mtu aliyekaa pahali pamoja kwa utulivu; hata waliokaa, walikaa ukingoni mwa kiti.

Nyumbani kwangu hali ilikuwa hivi. Nilikuwa mwalimu wa mekanika katika chuo kikuu, na chuo kilikuwa kimefungwa. Mshahara ulikuwa umegeuka kuwa uvumi. Mke wangu alikuwa mzaliwa wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, na baba yake alikuwa amemletea ujumbe kupitia kwa wachuuzi wa samaki: aje na watoto, chakula kipo, shamba lipo. Mke wangu hakunitisha wala hakunilaumu. Aliniambia kwamba atangoja mpaka mvua zishike. Kama hadi hapo sijapata kazi ya kulisha nyumba, atachukua watoto na kwenda, nami nitawafuata nikiweza. Sote wawili tulijua kwamba singeweza. Mtu wa vitabu vya mekanika angefanya nini Kilwa? Tangu siku ile nikawa mtu wa kutembea. Nilitoka nyumbani asubuhi bila safari na kurudi bila habari, na hata nilipokuwa mezani mguu wangu ulikuwa ukitikisika chini ya kitambaa.

Uwanja ulikuwa katika mtaa wa Golf, nyuma ya jumba lililokuwa la mhandisi mmoja mgeni. Huyo na wenzake walikuwa na chama cha kushindanisha vigari vinavyoendeshwa kwa redio, vyenye urefu wa mkono kuanzia kiwiko, vyenye springi, gia na matairi ya mpira laini. Walivishindanisha katika uwanja wa tenisi, na uwanja huo, kama viwanja vingi vya kwetu, ulitandikwa udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa. Wageni walipoondoka kwa haraka kuelekea mpaka wa Zambia, vigari viliachwa ndani ya masanduku yake. Jumba likachukuliwa na mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa biashara ya jumla na wa malori, Mkristo aliyefungua kila jambo kwa sala na kulifunga kwa sala. Alivikuta vigari, akavipenda kuliko alivyokubali kusema. Kila Jumapili baada ya ibada aliwaalika waliobaki wa kile chama, na kila Jumapili mshindi alikuwa yuleyule: daktari wa meno, mtu mnene, mchangamfu, ambaye alicheka kabla ya kusikia mwisho wa utani.

Mimi nilikwenda kwa mfanyabiashara kwa sababu ya malori. Lori lake moja lilikuwa limepinduka katika barabara ya Pweto likiwa na shehena ya samaki wakavu, na dereva aliponea chupuchupu. Nilimpelekea michoro. Nilimwonyesha kwamba mizigo yake ilipangwa juu mno kwa upana wa magurudumu, kwamba springi za nyuma zilikuwa zimeongezwa majani bila hesabu, na kwamba karakana yake ilihitaji mtu wa kupima kabla ya kukata. Alinisikiliza kwa adabu, akageuza mchoro upande huu na upande ule, akaurudisha mikononi mwangu. Aliniambia hasomi michoro, lakini kule nyuma ana magari madogo, na huko mtu yeyote ana macho. Nichague kimoja, nikipange kwa kitabu changu, na nikimshinda daktari, karakana ni yangu, na malipo yake ni unga, mafuta na samaki kila mwezi bila kukosa. Alinyoosha mkono. Nikaushika. Nilipofika nyumbani mke wangu alinitazama usoni, na kabla sijasema neno akaweka motoni maji ya bukari, ugali wetu, kwa haraka ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu mwaka ule uanze.

Yanayofuata ni hesabu, nayo ni fupi. Chukua gari lolote linalokata kona. Mambo mawili yanaweza kulishinda: ama matairi yaachie ardhi nalo liteleze, ama yasiachie nalo lipinduke. Linalotangulia huamuliwa na tarakimu mbili. Ya kwanza hueleza jinsi ardhi inavyoshika tairi. Ya pili ni nusu ya upana wa gari ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito wake. Ardhi ikishika chini ya tarakimu hiyo ya pili, gari huteleza; ikishika zaidi yake, gari hupinduka. Kanuni hii haina ubishi. Ndiyo iliyolilaza lori la Pweto.

Kwa hiyo nilipaswa kujua ardhi inashika kiasi gani. Niliazima kwa mama muuza samaki mizani yake ya ndoano, nikaenda uwanjani siku za kazi, wakati hapakuwa na mtu ila mlinzi, nikakivuta kigari kwa ubavu, polepole, kila pembe ya uwanja, nikisoma sindano pale tairi lilipoachia. Uwanja ulikuwa mkavu, wenye vumbi jekundu laini kama unga wa muhogo. Sindano ilisema jambo moja kila nilipovuta: ardhi inashika kidogo sana. Basi hatari ya kupinduka haikuwapo, na adui alikuwa utelezi peke yake. Dhidi ya utelezi huo dawa ni kuuacha mwili wa kigari uinamie nje ya kona, ili uzito ukandamize tairi la nje. Nikainua betri na kuiweka juu ya kibao cha kigari. Nikalegeza springi. Nikachagua matairi laini yenye vinundu virefu. Nilikijaribu mbele ya mlinzi peke yake, na kikakata kona za uwanja ule kama kisu katika sabuni. Nilirudi kwa miguu kutoka Golf nikihesabu vipimo upya njiani, si kwa sababu nilivitilia shaka, bali kwa sababu sikuweza kuacha.

Jumamosi jioni nilimrudishia mama muuza samaki mizani yake, kwa kuwa Jumapili ni siku yake ya mauzo.

Sasa kuna jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, nami nililijua kuliko nilivyozijua kanuni zote, kwa kuwa nimelala na kuamka ndani yake tangu kuzaliwa. Wageni wanapotarajiwa, uwanja wa nyumba hufagiwa alfajiri, kisha hunyunyiziwa maji ili vumbi lilale. Nyumba ambayo wageni wake wanakanyaga vumbi imewadharau. Tena mwanamke aliyealikwa pamoja na mume wake hafiki wakati wa kula. Hufika mapema, hujifunga kitenge kiunoni na kumsaidia mwenyeji. Jumapili ile mke wangu aliondoka kabla yangu, na niliposhangaa aliniambia tu kwamba anakwenda kusaidia.

Nilipofika na kigari changu ndani ya mfuko wa turubai, mawingu ya mwezi wa kumi yalikuwa yamefunika anga, na uwanja wa tenisi ulikuwa na rangi ya ini. Ulifagiwa mistari iliyonyooka kama ya daftari, na ulimwagiwa maji kutoka ncha hadi ncha. Udongo wa kichuguu ukinywa maji kwa kiasi na kushindiliwa na nyayo hukaza. Hushika mpira kama ulimi unavyoshika karatasi. Nilisimama pale. Mke wa mfanyabiashara alikuja kunisalimu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanieleza kwamba wamefanya kazi tangu kukiwa giza, na kwamba ndoo nyingi kuliko za wote zilibebwa na mke wangu, maana alisema mume wake leo asikimbize gari lake ndani ya vumbi mbele ya watu. Mke wangu alikuwa nyuma yake, kitenge chake kikiwa kimelowa mpaka magotini, akitabasamu na kutazama pembeni.

Nilisema asante.

Niliuminya udongo kwa kidole gumba. Haukuacha alama. Mizani sikuwa nayo, na kuteremsha betri kungetaka kufungua kibao kizima, wakati mfanyabiashara alikuwa ameshavua kofia kwa ajili ya sala. Sala ilikuwa ndefu. Iliwakumbuka walio njiani, walio stesheni na wasio na kazi. Nilifumba macho na kugawanya nusu ya upana kwa kimo, na jibu halikunipendeza.

Katika kona ya kwanza kigari changu kiliinama kama nilivyokipanga, tairi la nje likakandamizwa kama nilivyolipanga, na ardhi ikalishika. Kikapinduka, kikabaki chali, magurudumu yakizunguka hewani kwa kasi. Mlinzi alikimbia kukisimamisha. Katika kona ya pili kikafanya vilevile, upande mwingine. Watu walianza kucheka, kwanza kwa adabu. Daktari wa meno aliendesha kigari kizito, kifupi, kisichofaa sana katika hali yoyote wala kushindwa kabisa katika yoyote. Alipoona changu kinalala alilegeza kidole na kupita polepole, akisema bila kunitazama:

“Professeur, gari yako iko nalala sawa université yenu.”

Hata mimi nilicheka. Kicheko changu kilichelewa kidogo.

Makubaliano yalikuwa mizunguko miwili, na kati yake chakula. Kwa hiyo nilikuwa bado na nusu ya siku. Waliitwa mezani, mimi niliketi chini kando ya uwanja na kukifungua kigari. Niliteremsha betri mpaka chini kabisa. Nilikaza springi. Kisha nikachukua gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, nikapaka kingo za nje za matairi, iwe ngozi ngumu isiyoshika, ili kigari kikielemea ubavu kiteleze badala ya kupinduka. Ni jambo linalofanywa na wenye kuujua mchezo huu, na lilikuwa sahihi. Mawingu yalikuwa bado mazito. Niliyatazama, nikahukumu kwamba unyevu utabaki.

Mke wangu alikuja na sahani ya bukari na samaki wa Pweto, akachutama kando yangu. Aliniambia mwenyeji ameuliza mara mbili kwa nini sili.

“Minakuya,” nilisema, yaani naja.

“Unasema minakuya na mikono iko na gundi,” alisema. “Kula kwanza. Bantu banatuangalia.”

Nilikula matonge machache bila kuyasikia ladha. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama gari limeharibika. Nilimwambia halijaharibika, linahitaji kurekebishwa tu. Alitazama vidole vyangu kwa muda, kisha akaniambia kwamba hajamjibu baba yake ule ujumbe. Akachukua sahani na kuondoka.

Ndani ya nyumba waliimba nyimbo za kanisa baada ya kula, zote, mpaka mwisho. Wakati wakiimba jua lilitoka. Halikutoka kwa aibu. Lilitoka kama linavyotoka kwetu kabla ya mvua za kwanza, likiangukia moja kwa moja juu ya vichwa. Niliona rangi ya ini ikibadilika kuwa rangi ya matofali kuanzia katikati ya uwanja na kusambaa pembeni. Niliinuka, nikaketi, nikaenda mpaka kwenye nguzo ya wavu na kurudi. Gundi ilikuwa imeshakauka, haibanduki bila kuchana mpira. Matairi mengine hayakuwapo. Masanduku ya yule mhandisi yalikuwa na jozi moja tu ya yale laini. Niliomba kwa mlinzi ndoo moja ya maji, nimwagie japo kona. Aliniambia maji ya bomba yalikatika tangu wanawake walipomaliza, na yaliyo kwenye pipa ni ya kunawa wageni.

Nyayo za watoto waliotoka kuimba zilivunja ngozi ya udongo, na juu yake lilikwishatanda vumbi jekundu, laini kama unga wa muhogo. Ulikuwa uwanja niliokuwa nimeupima. Sindano ya mizani, kama ingekuwapo, ingesema jambo lilelile ililokuwa imelisema juma zima.

Katika mzunguko wa pili kigari changu hakikupinduka hata mara moja. Kiliteleza. Kila kona kilikwenda mbele kwa unyofu, kana kwamba usukani haukuwapo, na mwishoni kikaigonga nguzo ya wavu na kuvunja mkono wa gurudumu la mbele. Daktari wa meno alimaliza mzunguko wake kwa kasi ileile ya asubuhi, akaweka kidhibiti chake juu ya meza na kuomba maji ya kunywa. Alikuwa mtu mwema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakusema utani.

Nilimfuata mfanyabiashara mpaka kwenye kibaraza. Nilimweleza kwa utaratibu, na hata leo sioni kosa katika maelezo yale: mpango wa kwanza ulikuwa sahihi kwa uwanja mkavu, na uwanja ulikuwa umelowa, mpango wa pili ulikuwa sahihi kwa uwanja uliolowa, na uwanja ulikuwa umekauka; kama mipango ingebadilishana zamu, daktari asingeliona hata vumbi langu. Nilimwambia pia kwamba malori ni kitu kingine, kwa kuwa uzito wa shehena unajulikana kabla ya safari. Sikutaja ni nani aliyebeba ndoo. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyosikiliza sala za wengine.

“Professeur,” alisema, “mi nilisema: kama unashinda. Sikusema: kama unafasiria muzuri.”

Hakuna dharau iliyokuwamo. Alinyoosha mkono, nami nikaushika, kama siku ya kwanza. Kisha akaniuliza, kwa udadisi wa kweli, kama ule mkono uliovunjika unaweza kuchomelewa.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mke wangu, yeye akiwa na beseni la samaki alilopewa na mwenyeji, mimi na mfuko wa turubai. Barabara ya kutoka Golf ilikuwa na watu wengi waliobeba vitu: magodoro, cherehani, mlango mzima wa mbao. Nilikuwa nikitembea kwa kasi kuliko yeye, nikasimama, nikamngoja, kisha nikamwacha tena. Tulipofika penye mahindi ya shule ya jirani aliniuliza yule mfanyabiashara amesema nini. Nilimwambia. Tukakaribia nyumba. Halafu akauliza habari za uwanja:

“Na ile terrain? Tuliipanga muzuri?”

Nilimtazama. Kitenge chake kilikuwa kimekauka, na udongo mwekundu ulikuwa umeganda kwenye pindo lake.

“Iko muzuri,” nilimjibu. “Hata wakati ya bazungu haikukuwa muzuri vile.”

Alihamisha beseni kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, akaingia ndani kuwatafuta watoto.

Mvua zilishika mapema mwaka ule. Lori lililowachukua mke wangu na watoto lilikuwa la mfanyabiashara yuleyule, likienda Kilwa na kisha Pweto kuchukua samaki, na liliondoka limejaa chumvi, sabuni na mapipa matupu, chumvi ikiwa juu ya mapipa na watu juu ya chumvi. Nililizunguka nikilipima kwa macho: upana kati ya magurudumu, kimo cha shehena, mahali pa watoto wangu katika kimo hicho. Nilimwomba dereva ateremshe chumvi na kuipanga chini, mapipa yawe juu. Akasema, “Tata, tukipakuwa sasa tunalala hapa,” akawasha injini. Mke wangu alinipungia mkono akiwa ameshika kamba kwa mkono wa pili. Kwa hesabu yangu, katika barabara ile iliyolowa, yenye makorongo upande wa kushoto, lori lile halikupaswa kufika. Kwa siku kadhaa nilikwenda kila asubuhi na kila jioni kwenye soko la samaki kuwauliza waliotoka huko, na mama mwenye mizani alinipa kibao nikalie, nami sikukaa.

Lori lilifika salama. Karakana alipewa mtu mwingine. Mke wangu na watoto walibaki Kilwa, na watoto walisoma huko. Mimi nilibaki Lubumbashi, na chuo kilipofunguliwa nilirudi kufundisha mekanika.